Virusi vingi sio lazima uumwe sana

Mhariri, naomba kanafasi. Mtaani bado watu wanaamini ukiwa na virusi vingi vya korona ndo utaumwa sana. SARS ya 2003, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi ndugu wa hiki cha korona, virusi vilifika kilele kama siku ya 10 ya ugonjwa, ila korona hii ya 2019 vinajaa puani mapema, dalili zikianza au hata kabla, mtu anakunywa chai yake anapiga stori kumbe anagawa tu. Wengi wanazidiwa wiki ya pili, puani vishapungua, kinga ya mwili yenyewe ndo inachoma mapafu, ndo maana 2020 Uingereza deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili ambayo wala haiui virusi, iliokoa baadhi ya waliokuwa kwenye oksijeni. Vikionekana kwenye damu lakini, hapo kweli hatari inapanda.

Msomaji wenu, Tanga