Watoto wawili mtaa mmoja, mnara wa simu unaonewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba watoto wawili wa mtaa mmoja kuugua saratani ya damu ndani ya mwaka ni ushahidi tosha mnara wa simu ung'olewe. Mimi sio shabiki wa kampuni za simu, bando zao zenyewe zinatuua, ila hapa mnara unaonewa.

Haya mambo ya watoto kuugua lukemia, yaani hiyo saratani ya damu, kwa mkupuo sehemu moja hayajaanza kwetu. Uingereza kuna kijiji kinaitwa Seascale, kiko jirani kabisa na mtambo wa nyuklia wa Sellafield, mwaka 1983 televisheni ikarusha kipindi kuonyesha watoto wa pale wanaugua lukemia karibu mara kumi ya kawaida, na we fikiria ndo ungekuwa mzazi wa pale ungemlaumu nani zaidi ya mtambo? Serikali ikaunda tume, 1984 ripoti ikatoka, hesabu zikagoma: mionzi waliyoipata watu wa pale ilikuwa kidogo mno kuleta wagonjwa wote wale. Ndo akaja mtafiti mmoja, Leo Kinlen, yeye akaacha mtambo akaangalia watu. Seascale ilikuwa kijijini, pembeni kabisa, halafu wakamiminika wafanyakazi na familia zao kutoka kila kona, na wageni wengi wakichanganyika na wenyeji waliozoea kukaa kivyao basi hata vijidudu vinapata miili ambayo havijawahi kukutana nayo, na yeye akawaza kwamba mara chache maambukizi hayo ndo yanachochea lukemia. Ili apime wazo lake akatafuta mahali penye wageni kibao lakini hakuna nyuklia, akaupata mji wa Glenrothes kule Scotland, mji mpya uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa makaa ya mawe, na 1988 akatangaza alichokikuta: wagonjwa 10 wa chini ya miaka 25 wakati kwa kawaida wangekuwa kama 4 hivi. Na enzi hizo pale hapakuwa na mtambo wala mnara wa simu.

Sasa msije mkaanza kuwakimbia watoto wa watu. Lukemia haiambukizi. Nalisema hili kwa hasira kwa sababu huku kwetu kuna mtoto anazuiwa kucheza na wenzie eti atawapa, na mtoto mwenyewe ndo kwanza karudi toka kwenye dawa, nywele hana, kinga hana, kama kuna wa kuogopa pale basi ni yeye awaogope nyie na mafua yenu.

Wanachosema wataalamu kama Mel Greaves wa London ni kwamba kuna hatua mbili. Ya kwanza inatokea mtoto akiwa bado tumboni, seli ya damu inakosea kujipanga, na wala sio jambo adimu, kama mtoto mmoja kati ya mia anazaliwa hivyo na karibu wote wanakua salama mpaka uzee. Ya pili inakuja baadaye, na hapo ndo maambukizi ya kawaida tu yanaweza kuivuruga kinga ya mwili, hasa kwa mtoto aliyefungiwa ndani mwaka wake wa kwanza bila kuchangamana na wenzie. Mji wa Milan, Italia, mwishoni mwa 2009 kuingia 2010, watoto saba waligundulika na lukemia ndani ya wiki nne, watatu wanasoma shule moja, na wote saba walipopimwa wakakutwa walishapitiwa na yale mafua ya nguruwe. Je kesi imeisha? Hapana, hakuna kirusi hata kimoja kilichokamatwa kwamba ndo mhusika. Ila mie inaniingia akilini kuliko mnara.

Halafu sisi ndo tusingetakiwa kushangaa, somo lenyewe la maambukizi kuhusika na saratani za watoto lilianzia huku. Daktari Denis Burkitt alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957 akaanza kuona watoto taya zimevimba huku na huku, meno yanacheza. Akatuma vipeperushi vya picha kwenye hospitali za Afrika kuuliza hawa mnao? halafu 1961 yeye na wenzie wawili wakapanda Ford kuukuu wakaenda mpaka Afrika Kusini, safari ya kilomita kama 16,000 wanapita hospitali kwa hospitali. Ramani ikasema ugonjwa uko kwenye joto na mvua, kwenye miinuko ya baridi haupo, yaani uko walipo mbu wa malaria. 1964 Anthony Epstein na wenzake wa London wakakiona kirusi ndani ya uvimbe uliopelekwa kwa ndege toka Uganda. Hicho kirusi karibu kila mtoto wetu anakipata kwa mate akiwa mdogo na haumwi chochote, ni wachache tu, malaria ikiwarudia rudia, ndo wanapata saratani. Sio lukemia ile, lakini ni ndugu wa karibu.

Na hapa hapa North Mara kuanzia 1977 watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini kuona kama malaria ikishuka na uvimbe ule wa taya utashuka, nadhani wapo wanaovikumbuka vile vidonge vichungu. Malaria ikashuka kisha ikarudi, uvimbe nao ukapungua, ila ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, wakashindwa kusema kwa uhakika.

Kwa hiyo mtaa ule? Wawili inaweza ikawa bahati mbaya tu, ukimwaga mchele sakafuni punje zingine lazima zirundikane. Huwezi kujua bila kuhesabu, na sisi hatuhesabu, mtoto anapauka, homa haiishi, mifupa inauma, ana michubuko na hajaanguka, anapewa dawa ya malaria anaongezewa damu anarudishwa nyumbani, akifariki wanaandika malaria. Naiomba wilaya ianzishe daftari la watoto wenye saratani: umri, mtaa, tarehe ya kugundulika, na familia ilihamia lini. Hilo la kuhamia msiliruke, maana sisi wa Mara na Geita tunajua mgodi ukifunguliwa watu wanavyomiminika.

Msomaji wenu,
Rorya