Yah: Malalamiko kuhusu ankara ya makadirio baada ya wito wa kubana maji kwa hiari

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Mamlaka ya Maji.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye nyumba yenye wapangaji wanne na dira moja ya maji. Ukihesabu na watoto tuko watu 14. Ofisini kwenu nimeshafika mara mbili kwa jambo hili, na mara zote mbili kijana wa dirishani ameniambia kwa adabu sana nisubiri mwezi ujao. Ndiyo maana sasa naandika.

Mwezi Novemba gari lenu la matangazo lilipita mtaani kwetu. Lilisema vuli imechelewa, kina cha mto kwenye chanzo kimeshuka, mgao bado haujaanza, na kila mteja akibana matumizi kwa hiari yake huenda tusiufikie. Niseme ukweli, tangazo lile nililipenda. Binti yangu anaishi Dar es Salaam. Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji likaanza kupewa maji kwa ratiba, alikuwa akiamka saa nane za usiku kukinga ndoo, asubuhi anakwenda kazini macho mekundu. Kwa hiyo anayeniomba kabla hajanifungia bomba, huyo namsikiliza.

Jioni ileile niliwaita wapangaji uani. Wa bodaboda alikubali kuosha pikipiki kwa ndoo moja, Jumapili tu, badala ya kila jioni kwa mpira. Maji ya kusuuzia nguo tukaanza kuyaweka kando kwa ajili ya chooni. Kila tangi la vyoo vyetu vya kuvuta linabeba lita tisa hivi, tukazamisha humo chupa ya lita moja na nusu iliyojaa mchanga. Bomba la uani lililokuwa likidondosha tangu Pasaka, na ambalo kila mtu alikuwa akilipita, lilipata fundi siku ya pili. Maji ya kuoshea mchele yakaenda kwenye mchicha. Palikuwa na manung'uniko, hasa kwa mama mwenye mtoto wa nepi, naye tulimwambia asijihesabu. Kila Jumamosi nilisoma dira mwenyewe nikaandika kwenye daftari, wote wakiona.

Oktoba tulikuwa tumetumia uniti 26. Mwezi wa kubana ulipoisha, daftari lilisoma 17. Hizo ni lita 17,000 kwa watu 14, yaani lita 40 na kitu kwa mtu kwa siku. Cape Town, Februari 2018, walipokuwa wakihesabu wiki za kufika siku ya kufungiwa mabomba, jiji liliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu. Sisi tumeshuka chini ya hapo, bila faini wala askari. Wapangaji walifurahi kweli. Mmoja alikuwa amekwishapanga ile nafuu atanunulia nini.

Ankara yenu ikaja na uniti 27.

Nilidhani nimekosea kusoma. Hapana. Pembeni palikuwa na neno "makadirio", na nilipouliza dirishani nikaambiwa msoma dira alikuta geti limefungwa. Ndugu Meneja, mimi nimestaafu. Tangu asubuhi nipo barazani nachambua maharage, na geti langu lina kasoro moja tu, kwamba halifungiki vizuri. Sitaki kutia mchanga kwenye unga wa mtu, pengine kijana wa watu ana mitaa minane na miguu miwili. Lakini hata angelikuta limefungwa kwelikweli, mngenipigia simu. Namba yangu mnayo, ndiyo mnayoitumia kunikumbusha deni.

Kijana wa dirishani alinieleza kwamba dira haipotezi kitu, kwamba ikisomwa mwezi ujao hesabu itajirekebisha yenyewe. Kwa mwenye nyumba anayeishi peke yake hayo ni kweli. Kwangu, ankara inagawanywa kwa vichwa kila mwezi. Fundi cherehani wangu alihama tarehe 30 baada ya kulipia sehemu yake ya uniti ambazo hazikutumika. Hesabu ikijirekebisha Januari, atakayenufaika ni mpangaji mpya ambaye hata chupa ya mchanga hajaiona. Anayebaki na lawama ni mimi, niliyewashawishi. "Mwalimu, tumejibania bure," ndivyo yule wa bodaboda alivyoniambia, na jioni hiyo mpira ukarudi kwenye pikipiki. Sikuwa na la kumjibu.

Mkilazimisha, mtu atabana kwa kuogopa. Mkiomba hiari, kinachomfanya aendelee ni kuona kwamba alichobana kimehesabiwa. Dira isiposomwa, nyumba iliyobana na nyumba iliyomwagilia ukoka zinapata karatasi ileile. Na huyo anayenunua dumu moja moja kwenye toroli hamkuhitaji kumpelekea gari la matangazo. Alianza kubana kabla yenu.

La pili ni bomba lililopasuka kona ya msikitini. Niliripoti kwa simu siku ya kwanza, nikapewa namba ya taarifa, ninayo. Lilivuja siku 23. Vijana waliweka tairi na tawi la mwembe magari yasitumbukie, bata wa jirani wakahamia pale. Mimi nilikwenda na ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Ilijaa kwa sekunde 30, na hayo ni yale tu niliyoweza kuyakinga. Ukipiga hesabu ni lita 57,600 kwa siku, uniti 57 na ushei. Nyumba yangu yote haifikishi hizo kwa miezi mitatu ya kubana. Kwa siku 23 zimekwenda uniti zaidi ya 1,300, na kwa uniti tisa tulizookoa kwa mwezi, ingetuchukua miaka 12 kuyafidia yaliyowanywesha wale bata. Gari la matangazo lilipita pembeni ya dimbwi hilo mara mbili likituomba tufunge bomba tunapopiga mswaki.

Cape Town nimewataja, basi nimalizie. Wananchi walibana sana, lakini jiji nalo lilipunguza presha kwenye mabomba, likakimbizana na mivujo, likapandisha bei kwa wanaotumia kupita kiasi, na kina cha mabwawa kikatangazwa kila wiki. Sisi tangu Novemba hatujaambiwa mto umefikia wapi. Umepanda? Umezidi kushuka? Kibao kidogo hapo ofisini, chenye namba ya wiki, kingetosha.

Naomba mtu aje asome dira yangu, mimi nikiwepo, na ankara ya Desemba itolewe upya kwa uniti 17 ili nimtumie fundi cherehani haki yake kwenye simu. Naomba pia nyumba zote za kata yetu zilizokadiriwa mwezi huo zisomwe, maana jirani zangu watatu wana neno lilelile pembeni ya ankara. Na kama wasoma dira hawatoshi, tupokeeni picha. Nimeambatanisha za kwangu tano, kila moja na tarehe yake, pamoja na nakala ya kurasa za daftari.

Nitasubiri siku 14. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko haya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, yakiwa na barua hii na namba ya taarifa ya kona ya msikitini.

Chupa ya mchanga bado imo tangini. Ya kwangu, siyo ya wapangaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
mteja wenu.