Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mifupa ya Ruhuhu

Ndugu wanachama,

Kila tulipozungumzia mabaki ya kale, maneno yalikuwa yakiishia Tendaguru, kwa yule mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin. Mwaka huu kamati ilipendekeza tugeukie bonde la mto Ruhuhu, mashariki mwa Ziwa Nyasa, nanyi mkaridhia. Nawashukuru sana.

Nyasasaurus parringtoni, mnyama wa kale aliyepatikana bondeni humo, hawezi kujaza ukumbi. Mabaki yake ya msingi, yaliyookotwa na mtafiti wa mabaki ya kale Rex Parrington miaka ya 1930 na kuhifadhiwa London, ni mfupa wa juu wa mkono wa kulia na pingili sita za uti wa mgongo, nyingine zimevunjika. Pingili chache zaidi, zinazohesabiwa kuwa za aina hiyohiyo, ziko Cape Town. Basi! Mtaalamu mwingine wa mabaki ya kale, Alan Charig, aliyachunguza mabaki hayo miaka ya 1950, lakini maelezo rasmi yalichapishwa mwaka 2012 na Sterling Nesbitt na wenzake. Charig alikuwa amefariki tangu 1997, nao wakamwandika miongoni mwa waandishi. Hiyo ni heshima ambayo ningependa chama chetu kiige kwa wazee waliotutangulia.

Uzito wa mifupa hiyo uko hapa. Ukingo wa mfupa wa mkono unaoshika misuli ya bega ni mrefu, kama ulivyo kwa dinosaria, na kipande chembamba cha mfupa huo kilipotazamwa kwa hadubini kilionyesha mnyama aliyekua haraka. Waliomwelezea waliikadiria miamba ya Manda, ilimopatikana mifupa hiyo, kuwa na miaka milioni 243 hivi, yaani zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya dinosaria wa Argentina wanaofahamika vizuri. Watafiti wengine wameutilia shaka umri huo.

Ndiyo maana mjadala wa bango letu ulikuwa mkali. Baadhi yenu mlitaka liandikwe "Dinosaria wa kwanza duniani ni Mtanzania". Nilipinga, na bado napinga. Tulipitisha maneno haya: "Dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu sana." Wanasayansi wenyewe hawakudai zaidi ya hapo.

Shuleni wanafunzi walituuliza mkia na kichwa vimechorwaje ikiwa havijapatikana. Swali zuri kuliko yote ya mwaka! Tuliwajibu kwamba mchoraji huazima kwa jamaa zake, na kwamba urefu wa mita 2 hadi 3 ni makadirio.

Mwakani kamati itaomba nakala za plasta za mifupa hiyo, zizungushwe katika shule za Songea na Ludewa. Wanachama mnaoishi huko, endeleeni kuwaambia wakulima na wachungaji: ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiuchimbe wala kuuza, weka alama, toa taarifa serikali ya kijiji ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Mabaki haya yanalindwa na sheria ya mwaka 1964.

Mhazini atasoma hesabu baada yangu. Ambao hamjalipa ada, mwoneni kabla ya kuondoka, kwani gharama ya nakala hizo itatoka humo.