Kwenu mnaoandika riwaya za watoto: mwacheni dada aone wivu

Wanangu,

Nimechoka kusoma miswada ambamo dada mwenye wivu ni shetani mdogo. Sura ya kwanza mama anajifungua. Sura ya tatu dada anamfinya kichanga. Sura ya tisa anaanguka mtini, ndiyo adhabu yake, na ukurasa wa mwisho analia, "Nisameheni, sitarudia." Halafu mnaiita hadithi ya upendo wa familia! Msomaji wa miaka tisa mmemfundisha kwamba anachokihisi kila jioni kwao ni uovu, na kuanzia hapo atakificha.

Wivu wa ndugu huanzia kwenye kitu kilichopungua. Hata katika kisa cha Yusufu, kabla hatujafika kisimani, tunasikia kwanza kilio cha kaka zake: baba anampenda kuliko sisi. Andikeni basi kilichopungua, na kiwe cha kushikika. Aliyelala ubavuni mwa mama amehamishiwa kwa bibi. Aliyesukwa kila Jumapili anaambiwa subiri mtoto alale. Chagueni kimoja tu, kionekane mara tatu: anacho, anakikosa, anakipata kwa namna nyingine. Mkirundika vitano, msomaji hashiki hata kimoja.

Someni Beezus and Ramona ya Beverly Cleary, Mmarekani, iliyotoka 1955. Beezus ana miaka tisa, anatimiza kumi. Ramona, mdogo wake, ana minne. Siku ya kuzaliwa ya dada, Ramona anaharibu keki mbili: ya kwanza anaitia mayai na maganda yake, na ya pili inaungua pamoja na mwanasesere wake wa mpira aliyemtia ndani ya oveni. Hakukusudia ubaya, mara ile ya pili alikuwa akiigiza hadithi. Beezus anafika mahali pa kusema wazi kwamba kuna wakati hampendi mdogo wake. Mama hamchapi wala hamhubirii. Mama na mdogo wake mwenyewe, Beatrice, wanakumbushana walivyogombana utotoni, wanacheka, na Beezus anapumua. Angalieni ungamo lile limekaa wapi: mwishoni, baada ya msomaji kushuhudia hasara zote, kwa hiyo hawezi kumlaumu. Lingewekwa sura ya pili, angeonekana mkorofi.

Mengine kwa ufupi. Hadithi ionwe kwa macho ya mtoto mmoja tu. Umri wa ndugu hao upishane miaka mitatu hadi mitano. Mapacha ni kazi nyingine kabisa. Sura iwe na maneno 800 hadi 1,200. Mtu mzima asiseme zaidi ya sentensi tatu mfululizo. Kila kosa la mdogo liwe na sababu yenye maana kwake.

Lakini kosa si lenu peke yenu. Shuleni kila hadithi inaishia kwa swali, "Tumejifunza nini?", na mwandishi anajikuta akilijibu kabla halijaulizwa. Nyumbani tunasema, "Mwone mwenzako," tukidhani tunamtia mtoto bidii, kumbe tunampa mshindani. Kifungua mimba wa kike, miaka minane, amefungwa mbeleko mgongoni wenzake wakicheza rede. Akinuna, tunamwita mchoyo. Muoneeni huruma mtoto huyo, kwa sababu ndiye atakayefungua kitabu chenu akijitafuta.

Mkiniuliza ombi la msamaha liwekwe wapi, nitawaambia lisiwekwe. Wapeni ndugu wote wawili kazi moja. Wachukue ndoo ya maji iliyotundikwa kwenye mti walioubeba mabegani mwao, na mkubwa, bila kuambiwa, aivute ndoo upande wake ili uzito umwelemee yeye. Anaweza kuwa bado amenuna, mwacheni anune. Kisha rudieni sura hiyo kalamu mkononi, mfute kila sentensi inayoeleza kwa nini aliivuta.