Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, mabibi na mabwana,

Aga Khan wa Nne alipofariki Lisbon tarehe 4 Februari mwaka huu, Afrika Mashariki ilimkumbuka kwa hospitali, shule na magazeti. Sisi tulimkumbuka pia kwa jezi ya kijani yenye mabega mekundu waliyovaa majoki wa farasi wake wa mbio. Kwa sababu hiyo kamati iliamua vikao vya mazungumzo vya mwaka huu vimzungumzie farasi wake Shergar, na taarifa yangu itaegemea huko. Mambo mengine ya chama yalikwenda kama kawaida, na wenyeviti wa kamati ndogo watayaeleza wenyewe.

Kwa vijana waliojiunga juzi: Shergar alikuwa farasi wa rangi ya kahawia mwenye paji jeupe pana, na alizoea kukimbia ulimi ukining'inia nje. Mkufunzi wake alikuwa Michael Stoute, kule Newmarket, Uingereza. Juni 1981, akiwa na joki Walter Swinburn wa miaka 19 tu, alishinda Derby ya Epsom, mbio kubwa za farasi za Uingereza, kwa urefu wa farasi 10, pengo ambalo halijawahi kufikiwa katika historia ya mbio hizo. Joki wa farasi wa pili, John Matthias, alisimulia kwamba alidhani ameshinda yeye, mpaka alipomwona mwenzake kule mbele kabisa. Mwaka huohuo Shergar akashinda Derby ya Ireland na mbio za King George za Ascot, kisha akashindwa mbio za St Leger, akastaafishwa na kupelekwa shamba la Ballymany, Kildare, Ireland, kwa ajili ya mbegu.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipokuwa mkali. Kabla ya kustaafu aligawanywa hisa 40, kila moja pauni 250,000, kwa hiyo thamani yake ikawa pauni milioni 10. Aga Khan alibaki na hisa sita. 34 zikauzwa kwa watu wa nchi mbalimbali. Usiku wa tarehe 8 Februari 1983, yapata saa mbili na nusu, watu wenye silaha waliojifunika nyuso waliingia nyumbani kwa saisi mkuu, yaani mtunza farasi, wa shamba hilo, Jim Fitzgerald. Wakaishikia familia yake bunduki, wakampeleka bandani, wakamlazimisha kumtoa farasi na kumpakia kwenye trela. Fitzgerald wakazunguka naye kwa gari kwa saa kadhaa, kisha wakamtupa barabarani na kumwambia wanataka pauni milioni 2, na asithubutu kuwaita polisi.

Mwanachama mmoja aliuliza kikaoni kwa nini saisi hakupiga kelele. Nilimjibu pale pale na narudia hapa: mwenye wanawe chini ya mtutu hapigi kelele. Kosa lilikuja baadaye, na lilifanywa na wakubwa. Saisi alimwarifu meneja wa shamba, Ghislain Drion. Meneja akahangaika kumtafuta Aga Khan Uswisi, akampigia na daktari wa mifugo, Stan Cosgrove. Daktari akampigia kapteni mstaafu wa jeshi aliyewafahamu wakubwa serikalini, naye kapteni akampigia waziri wa fedha, Alan Dukes. Waziri wa fedha! Kituo cha polisi kilikuwapo muda wote huo. Polisi walipata habari karibu saa kumi alfajiri, takriban saa nane nzima baada ya wizi. Na siku hizo kulikuwa na mnada mkubwa wa farasi wa kampuni ya Goffs, matrela yamejaa barabara zote za Ireland. Nani angelitilia shaka trela moja zaidi?

Wezi nao, kwa maoni yangu, hawakumjua waliyemwiba. Walifikiri farasi ana tajiri mmoja atakayefungua kasha la fedha usiku huohuo, kumbe ana wenye hisa waliotawanyika duniani, na hakuna mmoja aliyeweza kuamua peke yake. Wengi wao waliona kwamba wakilipa, kila dume la thamani litaibwa. Zikaletwa picha za kichwa cha farasi kando ya gazeti la tarehe 11 Februari. Wawakilishi wa wenye hisa wakasema hizo hazithibitishi kuwa yu hai. Siku ya nne baada ya wizi simu zikakoma, na hazikulia tena.

Kuhusu waliofanya, wengi hunyooshea kidole IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland. Sean O'Callaghan, aliyekuwa mtu wao kisha akawa mtoa habari wa serikali, alidai farasi alipagawa wakashindwa kumtuliza, wakamwua muda mfupi baadaye. Lakini hayo alisimuliwa, hakuyaona. IRA haikukiri kamwe, hakuna aliyefikishwa mahakamani, wala mzoga haukupatikana. Shergar alizalisha msimu mmoja tu.

Jambo la bima lilitugusa zaidi. Wenye hisa waliokuwa na bima ya wizi walilipwa. Waliokata bima ya kifo pekee waliambulia patupu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba farasi amekufa. Nawaomba wenye farasi mkafungue mikataba yenu mkasome, si ukurasa wa kwanza tu. Kamati ilipendekeza bima ya wizi iwe sharti la uanachama; wenye farasi mmoja mmoja wakapinga kwa sababu ya gharama, na nadhani wana hoja. Suala hilo linarudi kwenu leo mlipigie kura.

Matatu tulikubaliana bila ubishi. La kwanza, kila banda litaweka daftari lenye picha za farasi pande zote mbili, alama za paji na miguu, mizunguko ya nywele na namba ya chipu, na nakala itakaa kwa katibu. La pili, kila saisi anayo ruhusa ya kupiga simu polisi moja kwa moja. Hahitaji idhini ya mwenye banda, ya meneja, wala yangu mimi. La tatu, farasi mwenye wamiliki zaidi ya mmoja aandikiwe nani mwenye kauli ya mwisho la dharura likitokea. Hadi sasa ni mabanda machache yaliyoleta karatasi hizo, na mabanda ya wajumbe wa kamati, nasikitika kusema, hayamo yote.

Ada za mwaka ujao hazitapanda. Wenye malimbikizo wamwone mweka hazina kabla ya kupiga kura, naye ndiye anayefuata sasa kusoma hesabu.

Mwenyekiti