Lenzi iwe ya mwisho: kufunga kilengeo kwenye upinde wa kapi

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni kama tuna lenzi ya kilengeo inayokuza zaidi. Anayeuliza mishale yake inatawanyika kwenye mita 50, naye anaamini kwamba ile njano ya katikati ikionekana kubwa kama sinia, ataipiga. Tukiuchukua upinde wake na kuutikisa karibu na sikio, mara nyingi kuna skrubu inayocheza mahali. Lenzi kali juu ya upinde unaocheza itamwonyesha vizuri zaidi anavyokosa, basi.

Tuanze na kipimo. Upinde wa kapi, ule wenye vigurudumu kwenye ncha zake (ukitaja wingi usiseme makapi, hayo ni ya mpunga) hushindaniwa nje kwa mita 50, kwa sheria za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu. Karatasi ya shabaha ni ile ya sentimita 80, na uzito wa kuvuta hauruhusiwi kuzidi ratili 60, yaani kilo 27 na ushei. Duara la kumi, yaani la alama kumi pale katikati, lina kipenyo cha sentimita 8, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 4 tu. Sasa kama kutoka jichoni hadi kwenye lenzi ni sentimita 90 hivi, lenzi ikihama milimita 1 mshale unahama sentimita 5 na nusu kule mbele. Milimita moja, na umeshatoka kwenye kumi. Vilengeo vizuri vya shabaha husogea kwa kliki, yaani hatua ndogo za skrubu, za takriban milimita 0.05, ambazo mbele ni chini ya milimita 3. Unaponunua kilengeo unalipia hizo kliki, na unalipia kibano kisichohama baada ya kukazwa. Rangi na jina la kampuni ni hiari yako.

Kabla ya kutoa pesa, jua pia kwamba lenzi, pimamaji na kitundu cha kwenye upote vinaruhusiwa kwa upinde wa kapi. Anayeshindana kwa ule upinde wa Olimpiki uliopinda ncha haruhusiwi kuvitumia, kwa hiyo asivinunue.

Kitundu kwanza

Kitundu ni kile kipande kidogo kinachokaa katikati ya nyuzi za upote, unachochungulia ukishavuta. Bei yake ni ndogo kuliko vifaa vyote tutakavyotaja, na ndicho kinachoharibu mambo mengi. Pinde nyingi zinazouzwa pamoja na vifaa vyake zimefungwa kwa mahitaji ya mwindaji: kitundu kipana cha milimita 4.8, ili aone hata kukiwa na giza la alfajiri. Kwa shabaha huo ni mlango. Jicho linaelea humo ndani bila wewe kujua, na kila linapoelea mshale unaenda kwingine.

Kwa shabaha tunaanzia milimita 1.6, halafu tunashuka hadi 1.2 au 0.8 kwa mwenye macho mazuri na uwanja wenye mwanga. Kipimo cha kweli ni hiki: ukivuta, duara la nyumba ya lenzi (fremu inayoishika) likae ndani ya duara la kitundu, na kati yao pabaki utepe mwembamba wa mwanga ulio sawa pande zote. Utepe ukiwa mnene upande mmoja, kichwa chako kimehama. Usipouona kabisa, kitundu ni kidogo mno kwa nyumba ya lenzi uliyonayo. Kitundu kidogo kina gharama yake: mawingu ya mvua yakitanda, au ukipiga ukiwa chini ya mwembe, kila kitu kinakuwa cheusi. Ndiyo maana tunapendelea vile ambavyo tundu lake la ndani hufunguliwa na kubadilishwa. Beba saizi mbili.

Urefu wake unapimwa hivi. Funga macho, vuta mpaka mwisho, tulia pale unapotulia siku zote shavuni, kisha fungua macho. Ukilazimika kuinua kidevu ili uone, kitundu kiko juu mno, na ukilazimika kuinama kiko chini. Rudia mara tano, kwa sababu mara ya kwanza mwili hudanganya. Kikishapatikana mahali pake, kifungwe kwa uzi juu na chini, mafundo yakazwe. Kitundu kisichofungwa hupanda polepole mshale kwa mshale, na kikipanda milimita 1 mishale yako inapanda sentimita 5 au 6. Mpigaji huzungusha kliki wiki nzima akidhani kilengeo ni kibovu.

Tatizo jingine ni kitundu kugeuka, ukavuta na kuona upande wake badala ya tundu. Chanzo ni upote uliolegea au mpya ambao haujatulia. Ukiuacha upinde ndani ya gari lililofungwa, juani, kule maegesho ya Kirumba hapa Mwanza, kuanzia saa sita hadi saa tisa, usishangae. Joto hilo hulegeza upote na kuyeyusha nta yake.

Pimamaji na timazi

Hapa fundi uashi yeyote wa Buhongwa anaweza kukufundisha. Ndani ya nyumba ya lenzi kuna pimamaji dogo lenye kiputo. Kazi yake ni kukuambia kama upinde umesimama wima au umelala. Upinde ukilala nyuzi 1 tu, kwa mshale wa kawaida wenye kasi ya mita 80 na kitu kwa sekunde, kwenye mita 50 unakosa kwa kama sentimita 3 kuelekea upande uliolalia. Hizo ni robo tatu za nafasi uliyonayo ndani ya kumi.

Lakini pimamaji lililofungwa vibaya ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwani utakuwa unalaza upinde kwa uaminifu. Kwa hiyo ning'iniza timazi ukutani, uzi wake uwe mrefu kama mita 2. Bana upinde kwenye jiliwa lenye vitambaa hadi upote ulingane na uzi wa timazi. Reli ya wima ya kilengeo nayo lazima ifuate uzi huohuo kutoka juu hadi chini. Ikichepuka, mishale ya mita 18 itakaa katikati na ya mita 50 itaenda kando. Reli ikishasimama ndipo ulegeze skrubu ya nyumba ya lenzi, ukilete kiputo katikati, ukaze.

Bado kuna mhimili wa tatu, baada ya ule wa reli na ule wa kiputo, ambao wapigaji wa uwanja tambarare huupuuza bila kupata hasara. Mwanza ni mawe na vilima, na anayepanga kupiga kwenye miteremko ya miamba atauhitaji. Elekeza upinde chini kama nyuzi 30, upote ukiwa bado sawa na timazi, uangalie kiputo. Kikikimbia, nyumba ya lenzi imekaa kama mlango uliofunguka kidogo. Izungushe mpaka kitulie, kisha ujaribu ukielekeza juu. Ni bora kufanya hivi mtu akiwa ameuvuta upinde, maana nyaya zinapokazwa huusokota mpini kidogo.

Sasa lenzi

Nguvu ya lenzi huandikwa kwa dayopta, au kwa alama kama 4X na 6X. Amini dayopta, X ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane na X ya mwingine. Anayeanza tunampa 0.50. Akishaweza kuiweka nukta ndani ya njano sekunde tano bila kuitoa, aje tuongelee 0.75. Lenzi haiongezi mtikisiko wa mkono, ila inaukuza machoni, na mtu akiona nukta inarukaruka huanza kuuvizia mshale na kubonyeza kwa pupa. Tabia hiyo inachukua miezi kutoka.

Lenzi ikiwa na nguvu, shabaha huonekana na ukungu. Si ubovu. Dawa yake ni kilenzi kidogo cha kwenye kitundu, na namba yake lazima ioane na lenzi ya mbele. Kipo kilenzi kingine kinachofanana nacho kwa sura na kinafanya kazi kinyume: kinasafisha ncha za kilengeo kwa mtu ambaye macho yake hayaoni tena vitu vya karibu, na hakitumiki pamoja na lenzi ya kukuza. Watu huviagiza kwa kubahatisha picha mtandaoni. Soma maelezo.

Alama ya kulengea ndani ya lenzi iwe nukta ya kubandika au duara jembamba. Ule uzi unaowaka mwanga unapendeza, ila kwa jua letu la saa nane hung'aa kupita kiasi ukaficha kumi yote. Chukua na kikofia cha kivuli. Na kama unapiga karibu na maji, beba kitambaa laini: wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hawachagui pa kutua, na ukiwafuta kwa kidole unaipaka lenzi mafuta.

Vingine kwa ufupi

Kilalio cha mshale kiwe cha ulimi wa chuma. Unene wa milimita 0.25 unatosha mishale mingi. Mizito inataka 0.30. Ulimi huchoka na kukatika bila taarifa, uwe na wa akiba.

Fimbo za kutuliza upinde tunaanza na ya mbele ya sentimita 76 yenye gramu 85 nchani, na ya nyuma ya sentimita 30 yenye mara mbili au tatu ya uzito huo. Vuta, lenga, tazama kiputo. Kikivutwa upande uleule kila mara, sogeza fimbo ya nyuma kabla ya kulaumu mkono. Fimbo nene epuka: upepo wa ziwani ukianza mchana, inakuwa tanga.

Na skrubu. Mtu akibeba upinde kwenye bodaboda kutoka Igoma hadi Nyegezi, mtikisiko unafungua kila kilichofungwa kwa vidole. Kaza kwa spana ya pembe sita, weka tone la gundi ya nati ile inayofunguka, kisha chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, umeona.

Ukija kufungiwa, njoo na mishale yako mitatu na kifyatulio unachotumia kuuachia upote, na miwani kama unavaa. Kifyatulio cha kidole cha shahada na kile cha dole gumba havikai mahali pamoja shavuni, na tukikupimia kitundu kwa kimoja ukaenda kupiga kwa kingine, kazi yote itarudiwa. Mishale tunaihitaji kwa sababu upinde wa kapi ukiachiwa bila mshale unaweza kuvunjika hapohapo mkononi, na hata kwa kupima tu hatuuvuti mtupu.