Kibao 50, dashibodi 80

Uyole, Mbeya

Kwako Kalinga,

Kamwene! Huku kwetu wazima, hofu ni kwenu mnaoamka na baridi ya Iringa. Ujumbe wako nimeusoma na picha nimeiona: hapo Ifunda kibao cha 50 kinaonekana wazi nje ya kioo, dashibodi inaonyesha 80, na simu uliyoibandika pembeni imeandika 100. Umeuliza uamini ipi. Amini kibao. Hizo nyingine mbili nitakueleza zinatoka wapi, maana ukijua chanzo cha namba utajua pia ni wapi itakudanganya tena.

Nianze na hiyo 80, ndiyo yenye hatari. Gari lako limetoka Uingereza, na huko vibao vya mwendo ni vya maili. Kamera iliyopachikwa juu ya kioo cha mbele haisomi kipimo. Inasoma duara lenye ukingo mwekundu na tarakimu za ndani, basi. Kipimo gari hukitafuta kwingine: kwenye ramani yake, kama ramani inajua iko nchi gani, au kwenye mpangilio wa kiwandani kama ramani haijui. Kadi yako ya ramani ni ya Ulaya tu. Kwa hiyo kamera iliiona 50 sawasawa, gari likaichukulia kuwa maili 50, na kwa sababu ulishageuza spidomita ionyeshe kilomita, likazidisha kwa 1.609 likakuletea 80. Kulithibitisha ni rahisi. Ukipita kibao cha 30 kwenye eneo la ujenzi, tupia jicho dashibodi: ikitokea 48, ugonjwa ni huo huo. Kibao cha 80 kitakupa 129 au 130.

Kugeuza kilomita kwenye menyu hakutibu hili, maana menyu inabadilisha maonyesho tu. Kinachotakiwa ni kubadilisha nchi ndani ya kompyuta ya gari, na hiyo inahitaji mashine inayoweza kuandika, siyo zile ndogo za kusoma na kufuta makosa. Mwambie fundi ahifadhi kwanza nakala ya mpangilio wa zamani, na betri iwe kwenye chaja muda wote wa kazi. Umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kugoma moja kwa moja. Fundi asiyekubali masharti hayo mawili, muage kwa heshima.

Kabla ya hapo fanya jambo moja leo hii. Ingia menyu ya msaada wa dereva, tafuta kipengele kinachoiruhusu kruzi kontroli (ule mfumo unaoshika mwendo bila mguu wako) ijipangie mwendo kufuata vibao, ukizime. Namba ya uongo kwenye dashibodi inaudhi tu, lakini namba hiyo hiyo ikipewa ruhusa ya kukanyaga mafuta mbele ya shule ya msingi ni habari nyingine kabisa. Ukishakizima, kagua kila unapowasha gari kwa siku za mwanzo, kwa sababu baadhi ya mipangilio hujirudisha. Magari mapya ya Umoja wa Ulaya yamelazimishwa hivyo kisheria: tahadhari ya mwendo ilianza kwa aina mpya za magari Julai 2022, na tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa huko linayo, nayo hurudi kila unapowasha injini. Hayo tutayapokea bandarini yakiwa yametumika, yakiwa na akili ya Ulaya na barabara za kwetu.

Ukishatibu maili, kamera itabaki na makosa yake mengine. Kubwa kwetu ni kibao cha kumaliza 50. Cha kuanza unakikuta, cha kumaliza kimeng'olewa kikaenda kwenye vyuma chakavu, au mahindi yamekifunika. Gari halijui kijiji kimekwisha. Litashikilia 50 mpaka litembee umbali fulani bila kuona kibao, au mpaka ukate kona kuingia barabara nyingine. Kosa la pili utalikuta ukiwa nyuma ya malori ya masafa: mengi yamebandikwa nyuma duara lenye 80 linaloonyesha ukomo wa lori lenyewe, na kamera ikilikaribia inaweza kulichukua kama kibao cha barabarani. Ukiona 80 imetokea ghafla katikati ya kijiji, angalia kwanza mgongo wa lori lililo mbele yako.

Na huo ufa wa kioo unaosema umetokana na kokoto, ukibadilisha kioo usikubali kuambiwa kazi imekwisha kabla kamera haijapimwa upya. Ikikaa upande kwa nyuzi 1 tu, umbali wa mita 50 inakosea karibu sentimita 90, na kwa mita 100 karibu mita 1.75. Kwa kusoma vibao hilo linavumilika. Kwa kushika mstari wa barabara na kujifunga breki halivumiliki, na kamera ni ile ile moja.

Sasa hiyo 100 ya simu. Simu haina jicho. Inajua uko wapi kwa GPS, inatafuta mstari wa barabara ulio karibu nawe kwenye ramani, inasoma kilichoandikwa juu ya mstari huo. Kama hakuna aliyeandika kitu, baadhi ya programu hunyamaza na nyingine hukisia kutokana na daraja la barabara. TANZAM, hii ya kwenda Zambia, ni barabara kuu, basi inapewa mwendo wa barabara kuu hata katikati ya soko la nyanya. Mimi naiheshimu zaidi programu inayonyamaza.

Hata palipoandikwa, data huwa na kasoro tatu ambazo kwetu hazikosekani. Vijiji vinakua vikifuata lami, kibao kinasogezwa nje, mstari wa ramani unabaki ulipokuwa. Halafu, mwanzo wa 50 kwa anayetoka Iringa hauko mkabala na mwisho wa 50 kwa anayetoka Mbeya. Vinaweza kupishana mita mia na zaidi, na mstari wenye namba moja kwa pande zote mbili lazima umkosee mmoja wenu. Na mwisho, namba hiyo kwa kawaida ni ya gari dogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inayabana kwenye 80 magari ya abiria na yale ya zaidi ya kilo 3,500, na 50 ni ya wote kwenye makazi. Shemeji yako mwenye Fuso asiitegemee simu yako hata kidogo.

Mita mia zinaonekana chache mpaka uzipigie hesabu. Kwa 80 unakwenda mita 22 kila sekunde. Ramani ikichelewa mita 200 kuonyesha mwanzo wa 50, umekimbia sekunde 9 ndani ya kijiji ukiwa na 80, na askari mwenye tochi ya kupima mwendo husimama hapo hapo. Kushuka kutoka 80 hadi 50 kwa upole, bila kumshtua aliye nyuma, kunataka kama mita 150 kwenye tambarare. Kwa hiyo mguu uachie mafuta pale unapokiona kibao kwa mbali, usingoje mlio wa simu.

Kwenye miteremko hesabu hiyo haikufai. Mteremko wa asilimia 6 unakusukuma mbele kwa zaidi ya nusu ya nguvu ile ya upole niliyoitumia kupunguza mwendo. Ukiachia mafuta tu, gari linaweza lisipungue mwendo, hata likaongezeka. Kitonga, Inyala na Iwambi zima kruzi kontroli kabisa, shusha gia mapema, kibao ukisome mwenyewe. Kitonga kuna la ziada: mlima unaziba upande mmoja wa anga, GPS inabaki na setilaiti chache, na ile hitilafu ya kawaida ya mita 3 hadi 5 inakua. Barabara ya Tukuyu ukungu ukishuka, kamera nayo inafumba. Hapo hakuna cha kamera wala ramani.

Ukiingia Mbeya mjini ndipo utakapocheka. Barabara inapanuliwa kuwa njia nne, na palipo na ujenzi mchepuko unakwenda sambamba na lami ya zamani, hatua chache tu. Simu inaweza kukuweka juu ya mstari usio wako, ikuonyeshe 30 ya mchepuko ukiwa kwenye lami, au ikuone uko porini kwa sababu njia mpya haijachorwa. Usibishane nayo. Fuata vibao vya mkandarasi na bendera za vijana wake.

Umesema unataka kununua kadi ya ramani ya Afrika. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afungue kadi mbele yako: je, Mafinga ina mitaa au ina mstari mmoja tu wa barabara kuu? Je, kijiji cha Chimala kina ukomo wa mwendo? Ramani ni ya mwaka gani? Akishindwa kukuonyesha Chimala, hiyo kadi itakupatia jina la nchi na kipimo cha kilomita, na pengine si zaidi. Hata hilo lina faida kwa ugonjwa wako wa maili, lakini bei iendane nalo.

Ramani ya simu tunaweza kuirekebisha wenyewe, maana programu kama OsmAnd na Organic Maps zinatumia OpenStreetMap, ambayo yeyote mwenye akaunti anaihariri. Fanya hivi ukija huku. Washa kurekodi njia kwenye OsmAnd tangu Ipogolo. Shemeji akae na simu ya pili yenye kipengele cha mahali (location) kimewashwa, apige picha kila kibao cha mwendo, cha kuanza na cha kumaliza, wewe endesha. Nyumbani fungua OpenStreetMap kwenye kompyuta, bonyeza Hariri, tafuta barabara, ikate kwenye sehemu kilipo kibao, kile kipande cha kijijini kipe maxspeed (yaani ukomo wa mwendo) na uandike 50 peke yake. Usiongeze kipimo, namba tupu husomeka kama kilomita. Vibao vya pande mbili vikipishana, kipande cha katikati kipe maxspeed:forward (kufuata mishale ya mstari) na maxspeed:backward (kinyume chake), ukitazama mishale inaelekea wapi, maana hapo ndipo wengi wanapogeuza mambo. Kwenye source:maxspeed andika sign, ili anayekuja nyuma ajue umekiona kibao kwa macho.

Mambo mawili usiyafanye. Usinakili namba kutoka ramani ya kampuni nyingine, ni kuvunja hakimiliki na kazi yako itafutwa. Na pasipo na kibao usijaze 80 kwa kudhani. Pengo ni bora kuliko namba ya kubuni. Ukibaki na muda, weka matuta na rasta (vile vituta vidogo vya kufuatana) pia. Ukiniuliza mimi, tuta lisilopakwa rangi pale Igurusi usiku linavunja shokabu nyingi kuliko kibao kilichokosewa, na OsmAnd inatoa tahadhari ya matuta ikiwa yameandikwa. Marekebisho hayaingii simuni siku hiyo hiyo. Ramani za bure za OsmAnd hutoka upya kila mwezi, na lazima uzipakue.

Nimesahau matairi. Umeandika umeondoa 195/65 R15 ukafunga 205/70 R15 ili gari liinuke. Tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 5 na kidogo, hivyo kila spidomita inapokuonyesha 50 unakwenda zaidi ya ulivyokuwa unakwenda zamani. Kiwandani spidomita hupimwa isionyeshe pungufu ya mwendo halisi, na huzidisha kidogo; hiyo akiba umeila. Kwenye barabara iliyonyooka kutoka Igawa kuelekea Chimala, shika 80 ya dashibodi dakika moja, shemeji asome mwendo wa GPS. Ikisoma chini ya 80 uko salama. Ikisoma 82 au 83, jua kwenye 50 unatakiwa ushike 48.

Faili la njia na picha nitumie kabla hujaanza kuhariri, tuzipange pamoja kwanza kipande cha Makambako hadi Igawa. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
Ambakisye